Chokaa Juu ya Jua

Jumatatu, 2 Machi

Mjomba kasema niandike kila siku, mstari mmoja hata miwili, mkono uzoee herufi. "Fundi wa mabango mwenye mwandiko wa kuku," kasema, "nani atampa kazi?" Hakusema niandike nini. Basi leo naandika kwamba nimeandika.

Jumanne, 3 Machi

Leo kuna jambo. Mkurugenzi wa shule ya pale kona, yule anayetembea akichezesha funguo mkononi kama askari jela, anataka ukuta wake mrefu unaotazama barabara uchorwe jua na sayari zote nane. Mwezi ujao ni siku ya wazazi. Anataka wakifika getini tu waone shule yake inafundisha mambo ya anga. Ametoa picha ya kunakili. Jua linacheka meno nje, sayari zimepangwa foleni, kila moja imewekewa macho.

Mjomba akaniwekea mkono begani. "Mpwa wangu ndiye atakayeupaka."

"Huyu? Kwani anaongea?"

"Haongei. Anapaka."

Njiani mjomba akaniambia waziwazi. Ukuta ukikubalika, ananipa brashi zangu mwenyewe na sanduku langu, mimi ni fundi kama yeye. Ukikataliwa narudi kwa shemeji, mume wa dada, kufyatua matofali kule barabara inakoishia. Huko nilishakaa. Mgongo wangu unapakumbuka kuliko kichwa. Nikaapa moyoni kwamba matofalini sikanyagi tena, hata kusalimia.

Jumatano, 4 Machi

Nimekwangua ukuta kutwa nzima. Ulikuwa na chokaa ya zamani. Mjomba kaja jioni, kapitisha kidole, kaniambia rudia pale, na pale. Halafu kanipa somo. Rangi ya mafuta haikai juu ya chokaa, inabambuka. Na chokaa juu ya rangi ya mafuta ndio upuuzi zaidi. "Inakaa kama poda usoni. Mvua moja tu, kwaheri. Ukimwona fundi anafanya hivyo, ujue hakufundishwa na mtu."

Mawingu yamekuja, yamepita. Mvua bado.

Ijumaa, 6 Machi

Mjomba aliniambia nianze na jua halafu nifuate mstari. Nimeanza na Zohali. Ina pete! Tangu niione kwenye picha mkono unaniwasha. Nimeipaka katikati ya ukuta, pete zimetanda huku na huku, mpaka watu wanasimama. Kinyozi wa kule mbele ya barabara akapita akapaza sauti, "We Bubu, hiyo kofia ya nani?"

Sikujibu. Mimi huwa sijibu.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua bado. Joto la kuchemsha rangi ndani ya kopo.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeharibu. Kabla ya Zohali inatakiwa likae jua, halafu sayari tano, na mimi nimejibakizia nafasi ya kukaa mbuzi. Nikabana, nikabana. Mirihi imelala kifuani kwa Mshtarii kama mtoto anayenyonya. Upande wa pili zimebaki mbili tu, zinapunga upepo.

Mapumziko yakafika, mwalimu wa darasa la nne akatoka na watoto wake. Katoto kamoja ka kike kakasema, "Fundi, mbona Dunia yetu umeibana? Si tutagongwa?" Wote wakacheka. Nikatamani kuingia ndani ya kopo nijifunike.

Mwalimu akacheka pia, lakini hakunicheka mimi. "Usijali, fundi. Hata hiyo picha uliyopewa ni ya uongo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi. Labda ndio maana mdomo ukafunguka. "Uongo vipi, mwalimu?"

"Ukilichora jua upana wa hatua moja ndefu, Dunia inakuwa kama punje ya mahindi. Sasa hiyo punje utaiweka wapi?"

Nikaonyesha mwisho wa ukuta.

Akatikisa kichwa. Akanyoosha chaki yake kuvuka geti, barabara yote, mpaka kwenye kibaraza cha mama cherehani. "Pale."

Nikadhani ananitania. Akainama, akapiga hesabu kwenye vumbi kwa kijiti, watoto wamemzunguka. Mshtarii, ile kubwa kuliko zote, ni chungwa tu, na iko kwa fundi pancha. Zohali yangu iko kule zahanati. Ya mwisho inaitwa Neptuni. Hapo alirudia hesabu. "Matofalini," akasema.

"Na katikati hapa pote kuna nini?"

"Karibu hakuna kitu, fundi. Ni uwazi tu. Sayari ni vipunje vimepotea ndani ya uwazi."

Nimekula jioni, sijui nimekula nini.

Jumanne, 10 Machi

Nimetazama ukuta wangu. Naona ni kama watu wamesongamana kwenye picha ya harusi.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemwambia mjomba. Alikuwa anafunga mizigo, anakwenda kupaka hospitali ya mji wa pili, atakaa huko wiki mbili. Nilijipanga tangu asubuhi jinsi ya kusema, na nilipoanza ikatoka shaghalabaghala.

"Mjomba, ule ukuta ni uongo."

"Ukuta unasemaje uongo?"

Nikaeleza. Alinisikiliza huku anakung'uta brashi. Akaniuliza, "Mkurugenzi ameagiza nini?"

"Ile picha."

"Basi. Fundi anapaka alichoagizwa. Mwenye duka akitaka ng'ombe wa bluu, unampa ng'ombe wa bluu na unamwambia hongera. Ukweli wako kapake nyumbani kwako."

"Sina nyumba."

"Ndio hivyo sasa."

Akapanda gari akaondoka. Sijamchukia. Lakini nimeona kitu: mjomba ana brashi zote za dunia na hajawahi kupaka anachotaka yeye.

Jumamosi, 14 Machi

Shule imefungwa leo, hakuna watu. Nimekwangua sayari zote. Zohali nimeikwangua mwisho, nimefumba macho.

Jumatatu, 16 Machi

Nimepaka jua peke yake. Hatua moja ndefu upana wake, la njano, halina meno wala macho. Rangi ya mafuta, mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza. Ukuta mwingine wote nimeupaka mweusi, nao kwa mafuta. Mwalimu alitoka, akasimama, akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Utafukuzwa, fundi."

"Najua."

"Mkurugenzi amesafiri. Anarudi wiki ijayo mwishoni."

"Basi nina wiki."

Jumanne, 17 Machi

Leo nimeongea zaidi ya mwaka mzima. Ukuta wa watu haupakwi bila kuomba, na kuomba inabidi ufungue mdomo. Nilimpitia kila mwenye mlango, jasho linatiririka mpaka kwenye kopo.

Utaridi ilikuwa rahisi, imeangukia nguzo ya taa. Nguzo haiulizi. Nimeipaka kijivu, punje ya mtama.

Zuhura imeangukia ubao wa muuza mkaa. "Nyeupe?" akasema. "Kwenye mkaa? Weka. Itakuwa kitu pekee kisafi hapa."

Kwa mama cherehani nilizunguka kibaraza mara tatu. Mwishowe akazima cherehani. "Mwanangu, ama ingia ama niambie umeiba nini."

"Mama, naomba kupaka Dunia hapa. Kwenye mwimo wa mlango."

"Dunia ipi?"

"Hii yetu. Ndogo tu." Nikamwonyesha punje ya mahindi.

Aliiangalia ile punje kiganjani kwangu muda mrefu. "Yaani wote tumo humo? Na yule mwenye nyumba wangu?"

"Naye yumo."

"Na majivuno yake yote?" Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Paka, mwanangu. Paka hata sasa hivi."

Nikapaka ya bluu na kijani, na doa dogo la Mwezi pembeni, shibiri moja na kidogo. Nikamwambia alichonifundisha mwalimu: kutoka hapa hadi hapa ndio mbali kuliko kote ambako mtu amewahi kufika yeye mwenyewe. Akachukua futi yake ya kupimia nguo akapima. "Haitoshi hata mkono wa shati," akasema.

Kwa kinyozi niliogopa zaidi. Ndiye anayeniita Bubu. Nilipofungua mdomo aliacha mteja nusu kichwa. "Jamani! Bubu anaongea!" Duka zima likaangua kicheko. Nikataka kukimbia. Sikukimbia. Nikasema, "Nataka kupaka Mirihi hapa juu ya kioo chako. Ni nyekundu. Kule kuna magari yametumwa yanatembea bila dereva, yanapiga picha yanazileta huku. Watu hawajafika bado."

Mteja akauliza, "Bila dereva?"

"Bila."

"Na nywele za huko nani ananyoa?" kinyozi akasema, lakini alikuwa ameshatoa kiti nipande. Nikapaka. Alikitazama kile kidoa chekundu, akageukia barabara, akaliona jua kule shuleni. Mdomo wake mpana ukafungika. Sijawahi kumwona hivyo.

Ijumaa, 20 Machi

Mshtarii kwa fundi pancha, chungwa kubwa lenye michirizi. Zohali kwenye ukuta wa zahanati. Muuguzi mkuu kasema, "Iwe ndogo, na isitishe wagonjwa." Pete nimezipaka kwa unywele mmoja wa brashi. Ni ndogo kuliko ile ya kwanza, na ni nzuri zaidi.

Mvua bado.

Jumapili, 22 Machi

Uranusi kwenye nyumba ya mashine ya maji. Mlinzi kaniambia, "Wewe paka, mimi sijakuona," akalala tena.

Imebaki Neptuni. Sijaenda. Niliapa, na tena naogopa. Naona kama nikikanyaga kule hata kwa dakika, udongo utanishika mguu.

Jumatano, 25 Machi

Mtaa umebadilika lugha. Nimemsikia mama cherehani anamwelekeza mteja kwenye simu: "Ukifika shuleni fuata barabara, pita Zuhura, mimi niko Duniani. Ukimwona kinyozi umeshapitiliza, hapo ni Mirihi."

Jioni mwalimu kanionyesha nyota ile kali inayotangulia wenzake, upande jua linakozama. Kumbe sio nyota. Ni Zuhura yenyewe. Nimeiona maisha yangu yote na sikujua jina lake. Nikatazama juu, nikatazama ubao wa mkaa. Juu, ubao.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika yote.

Mkurugenzi amerudi. Mjomba naye amerudi leo leo, bado ana vumbi la safari, akaitwa mbio. Mimi nilikuwa nimeshasimama chini ya jua langu. Sikujificha.

"Fundi!" Mkurugenzi anamwambia mjomba, funguo zinalia. "Nimeagiza sayari nane, nimeletewa kiini cha yai!"

Walimu walikuwa madirishani. Watoto pia.

"Ziko," nikasema.

"Ziko wapi?"

"Barabarani."

"Barabarani! Unamsikia? Sayari zangu ziko barabarani!"

"Dunia iko kwa mama cherehani. Neptuni ingekuwa matofalini. Ndivyo ilivyo kweli. Hazikai kwenye ukuta mmoja."

"Wazazi wanalipa ada waone ukuta mtupu?"

"Sio mtupu. Ndivyo kulivyo huko."

Akanisogelea. "Kijana, wewe umeishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Enhe."

"Na watoto wako wa darasa la nne wanajua hii ni kweli. Waulize."

Mjomba akanishika kiwiko. "Nyamaza."

"Nimenyamaza tangu nizaliwe, mjomba. Leo hapana."

Nilisema mimi. Sauti ilikuwa yangu. Mjomba aliniachia kiwiko kama amegusa moto.

Mkurugenzi akampa mjomba amri mbele ya wote. Jua lipigwe chokaa kesho, ukuta mzima uwe mweupe, heri wazazi waone ukuta msafi. Na mimi asinione tena kwenye uwanja wake. Kisha akasema zile takataka za barabarani nazo atazishughulikia.

Tumerudi nyumbani mjomba yuko mbele, mimi nyuma. Mlangoni kaniambia bila kugeuka, "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," nikasema. Sikuomba radhi. Nimefunga nguo zangu.

Jumamosi, 28 Machi

Kabla ya kwenda matofalini nimesimama ng'ambo ya barabara nitazame. Nilitaka nione kwa macho yangu.

Mjomba alipita kwanza kwa mama cherehani kuchukua suruali yake. Walizungumza. Mama akaonyesha ile punje kwenye mwimo, halafu akaonyesha shule. Mjomba akasimama pale pale, mgongo kwenye mlango, anatazama jua langu. Akanyoosha mkono mbele na kuinua kidole kidogo, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo mpaka nikashangaa. Akainua kichwa kuelekea jua la kweli, akaweka tena kile kidole, akashusha mkono haraka macho yamemuuma. Kisha kaenda na ndoo yake.

Amelipiga chokaa. Hakukwangua hata kidogo. Alipaka tu, haraka haraka, kama mtu anayezika. Jua likawa jeupe, likapotea. Nikasema moyoni, huyu sio mjomba wangu tena. Nikageuka, nikaenda.

Jumatatu, 30 Machi

Matofali.

Jumanne, 31 Machi

Matofali. Shemeji ananiita Mwanaanga. "Mwanaanga, chota udongo. Mwanaanga, chunga usije ukaelea." Wafyatuaji wote wanacheka. Zamani ningeinamisha kichwa. Leo nimemjibu: "Shemeji, hapa tunapochota ni Neptuni. Baridi yake huiwezi." Wakamcheka yeye.

Ijumaa, 3 Aprili

Dada kaja na chakula na habari. Mkurugenzi amepita mtaa mzima anaamuru watu wafute. Kinyozi kamwambia akae kwanza anyolewe, halafu wazungumze. Fundi pancha kajifanya hasikii, anapuliza tairi. Mama cherehani kamwambia, "Mheshimiwa, ukuta wa shule ni wako. Mlango huu ni wangu, na hiyo Dunia nimeshaizoea."

Hakuna aliyefuta. Hata mmoja.

Nikamwuliza, "Na mjomba?"

"Mjomba haongei. Amekuwa kama wewe."

Mvua bado. Shemeji anaomba isinyeshe, ana matofali mabichi uwanja mzima.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemwomba shemeji ukuta wa banda la kuhifadhia matofali, nipake Neptuni. Bluu, ukubwa wa ndimu. Kasema, "Banda langu sio daftari lako." Kiapo changu kimeshavunjwa na mjomba, naogopa nini tena? Itapakwa tu. Sijui lini, ila itapakwa.

Alhamisi, 9 Aprili

Mawingu hayapiti tena. Yamekaa.

Jumamosi, 11 Aprili

Shemeji alinituma sokoni kununua turubai mbili za kufunikia matofali. Njia ni ile ile ya shule. Leo ndio siku ya wazazi. Nikasema sipiti. Miguu ikapita.

Nilisimama kwenye kibaraza cha mama cherehani, yaani Duniani. Uwanjani kulikuwa na mahema, wazazi wamevaa vizuri, Mkurugenzi na kipaza sauti anasema shule hii inatazama mbali. Ukuta nyuma yake mweupe kama shuka. Mjomba alikuwa getini, ameitwa afunge mabango ya kukaribisha wageni.

Tone la kwanza liliniangukia puani. Halafu mvua ikaja yote kwa mara moja, kama mtu kapindua pipa. Wazazi wakakimbilia hemani. Mkurugenzi akaendelea kuhutubia.

Na ule weupe ukaanza kuteremka.

Kwanza mistari, kama machozi kwenye uso uliopakwa poda. Halafu kipande kizima kikashuka. Njano ikachungulia. Chokaa ikatiririka ukutani mpaka mtaroni, maji meupe kama maziwa, na jua langu likatoka lote, limeoshwa, linang'aa, na mvua inanyesha juu yake. Weusi ukatoka pande zote mbili.

Mtoto mmoja akapiga kelele, "Jua limetoka!" Mahema yote yakalipuka. Watoto wakatoka mvuani wanaruka.

"Fundi!" Mkurugenzi alifunika kipaza sauti lakini kilisikika mpaka kwetu. "Hii nini?"

"Mvua, mheshimiwa," mjomba akapaza sauti, amenyooka kama nguzo.

"Chokaa gani hii?"

"Ya kawaida. Haipendi kulowa."

Nikakumbuka siku ile ya kukwangua, kidole chake ukutani, na maneno aliyoniambia. Fundi anayepiga chokaa juu ya mafuta hakufundishwa na mtu. Mjomba alifundishwa. Mjomba amepaka kuta tangu sijazaliwa. Nikakaa chini kwenye kibaraza na turubai zangu.

Mzazi mmoja akasogelea kipaza sauti akauliza, mbona jua peke yake, sayari ziko wapi? Mwalimu wa darasa la nne alikuwa anangoja swali hilo, niliona. Akafungua mwavuli. "Ziko barabarani. Ya tatu tunaishi sisi, njooni niwaonyeshe." Wakaja, wazazi kumi, ishirini, miavuli imegongana, viatu vizuri kwenye matope. Walikuja wote wakasimama mlangoni kwa mama cherehani, na mwalimu akawaambia wanyooshe mkono, wainue kidole kidogo kuelekea jua la ukutani.

"Linafunikika lote," baba mmoja akasema.

"Ndivyo lilivyo la angani pia, mkitazama kutoka hapa mlipo. Ukubwa ule ule. Ila la angani msilikodolee macho, linaharibu. Hili la fundi wetu mnaweza kulitazama mpaka mchoke."

Kumbe ndicho mjomba alichokiona siku ile na suruali yake mkononi.

Mkurugenzi alifika wa mwisho, amelowa. Alitazama wazazi, akatazama vidole vyao vyote hewani. Nikamwona anapiga hesabu kichwani. "Naam," akasema, "huu ndio ulikuwa mpango wetu tangu mwanzo."

Mama cherehani akanigeukia, akanikonyeza. Mimi nikamtazama Mkurugenzi usoni moja kwa moja. Yeye ndiye aliyetangulia kushusha macho.

Jumapili, 12 Aprili

Matofali mengi yameyeyuka, turubai zilichelewa. Shemeji hajanisemesha. Sijutii.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Matofali. Mjomba hajaja.

Jumatano, 29 Aprili

Mwalimu ametuma ujumbe. Jumamosi analeta darasa lake kwa miguu, kutoka jua mpaka Neptuni. Nikamwonyesha shemeji. "Neptuni gani? Nilikwambia hapana."

Dada alikuwa anapakua. Aliacha kupakua. "Banda ni lako, mume wangu," akasema. "Sahani ni yangu."

Shemeji akaangalia sufuria. Akasema, "Ukubwa wa ndimu tu. Sio wa fenesi."

Jumamosi, 2 Mei

Walionekana mbali, wamejipanga, sare zao zimejaa matope hadi magotini. Rangi ya Neptuni ilikuwa bado mbichi, nilikuwa nimemaliza muda si mrefu. Walifika wanahema.

"Tumeshinda mwanga!" yule wa Dunia iliyobanwa akaniambia.

"Kweli," mwalimu akasema. "Kwenye barabara hii mwanga wa jua unatembea kama kobe. Tumeuacha nyuma kabisa."

Wakageuka kutafuta jua. Shule haikuonekana hata paa. Wakainuka kwa vidole vya miguu, watoto ishirini na kitu, na bado hawakuliona. Hapo ndipo nilipoona wameelewa.

Mmoja akauliza, "Kwa hiyo hapa ndio mwisho?"

Wafyatuaji walikuwa wanasikiliza, shemeji pia, mikono kiunoni. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Alinitazama mimi.

"Sio mwisho," nikasema. "Kuna chombo kilirushwa zamani, mimi sijazaliwa, mama yangu alikuwa bado mtoto. Kilipita hizi zote. Sasa kwa kipimo chetu kingekuwa kimefika kule mji wa pili, kinaendelea. Hakina mtu ndani. Kina redio ndogo tu, sauti yake nyembamba sana, lakini kinaongea, na huku wanakisikia."

"Na nyota? Ile ya karibu?"

"Ile ya karibu kabisa ungetembea mpaka upande wa pili wa dunia. Na ungekuwa umeshapita bahari."

Shemeji akasema, "Ebo," basi.

Ndipo nikamwona mjomba. Alikuwa nyuma ya watoto, amekuja na mstari wao tangu mwanzo, viatu mkononi, na sanduku begani. La mbao, jipya, kamba yake bado haijachafuka. Alikuja mpaka ukutani, akasogeza uso karibu na Neptuni, akatafuta kosa. Hakulipata, au alilipata akalimeza.

"Hujapiga saini," akasema.

Ni kweli. Kwenye kazi zetu zote, kona ya chini kulia, ni saini ya mjomba. Sijawahi kupiga yangu mahali popote. Sikumwambia asante ya chokaa, wala yeye hakuitaja. Akafungua sanduku. Brashi zilikuwa zimepangwa kuanzia kubwa hadi ndogo. Yeye akachagua ile ndogo kabisa, ya kuandikia kona, akanipa.

Nikairudisha. Nikachukua ile kubwa.

Nikaandika jina langu, lote, chini ya Neptuni, herufi zimesimama wima kama alivyonifundisha. Watoto walikuwa wanalisoma kwa sauti herufi baada ya herufi kadri linavyotoka.

"Limezidi sayari," mjomba akasema.

"Najua," nikasema, nikalirudia mkono wa pili.